Mwenye Duka na Mjasiriamali: Nani Abebe Hasara?

Desemba 2018 serikali ya Tanzania ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo. Mchuuzi ambaye mauzo yake hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka alilipa shilingi 20,000 akapata kadi ya kumkinga na bughudha za kila siku. Kadi ileile ilimfaa mama lishe aliyekaa na banda lake miaka kumi, muuza karanga wa stendi, na kijana aliyeshuka kwenye basi wiki iliyopita akiwa na begi la soksi. Kwa watu waliozoea kukimbizana na mgambo, hiyo ilikuwa nafuu ya kweli.

Hata hivyo, anayetaka kuelewa jinsi biashara zinavyozaliwa na kukua ataona kwamba kadi hiyo iliwatia kapu moja watu wanaofanya kazi mbili tofauti. Mama lishe anawajua wateja wake. Anajua kilo ngapi za mchele zitaisha kabla ya saa tisa, na nani atakula leo akalipa Ijumaa. Kazi yake ni kulinda kitu kilichokwisha kusimama. Jirani yake wa banda la pili ameamua kupika asubuhi na kupeleka chakula maofisini kwa bodaboda, kwa oda zinazoingia kwenye WhatsApp. Hakuna ajuaye kama jambo hilo litalipa, hata yeye mwenyewe.

Wa kwanza ni mwenye biashara, wa pili ni mjasiriamali. Mhadhara huu unajenga hoja moja juu yao: kinachowatofautisha ni aina ya hasara ambayo kila mmoja anaweza kuibeba, na ushirikiano wao husimama au huanguka kufuatana na jinsi hasara hiyo inavyogawanywa. Ushahidi mwingi unatoka Kenya na Tanzania, ambako watu hao wawili wamefanya kazi pamoja kwa kiwango ambacho nchi nyingi bado zinakisoma.

Hasara yenye bei na hasara isiyo na bei

Wanauchumi wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Richard Cantillon, mwenye benki wa asili ya Ireland aliyefanya kazi Paris, aliacha andiko lililochapwa mwaka 1755, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Humo alimtazama mkulima anayekodi shamba: kodi anayodaiwa inajulikana tangu siku ya kwanza, bei atakayouzia mavuno haijulikani mpaka siku ya soko. Mwaka 1921 Mmarekani Frank Knight aliigawa hali hiyo mara mbili. Kuna hatari inayopigika hesabu, kwa kuwa yaliyotokea zamani yanaonyesha yatakayotokea. Ndiyo maana bima inawezekana. Na kuna hali isiyo na historia, ambayo hakuna hesabu ya kuipigia. Kwa Knight, faida ni malipo ya yule aliyekubali kusimama katika hali hiyo ya pili.

Mgawanyo huo unaonekana dukani kwa Mangi, kama mitaa mingi ya Dar es Salaam inavyomwita mwenye duka la rejareja. Hasara zake nyingi zina bei. Anajua kwamba Januari wazazi wanalipa ada na mauzo yatashuka. Anajua kwamba kati ya wateja anaowakopesha wapo ambao hawatalipa, naye ameshaigawa hasara hiyo kwenye bei ya sabuni na mafuta ya kula. Panya watakula kiasi fulani cha unga, mayai kadhaa kwenye trei yatavunjika. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na daftari la Mangi ndilo linalogeuza mikosi kuwa gharama za kawaida.

Mjasiriamali hana daftari la jambo ambalo halijawahi kufanywa. Akikosea hapotezi trei ya mayai. Huenda akapoteza mtaji wote, na pamoja nao miaka aliyotumia. Kwa sababu hiyo akopeshwapo kama mwenye duka huumia, na mwenye duka alazimishwapo kuhatarisha duka lake kama mjasiriamali hufilisika akiwa na familia inayomtegemea.

Joseph Schumpeter, Mwaustria aliyetoa kitabu chake kikubwa cha kwanza kuhusu maendeleo ya uchumi mwaka 1911, aliongeza jambo linalosaidia sana. Kwake ujasiriamali ni tendo: kuleta bidhaa mpya, njia mpya ya kuzalisha, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi au mpangilio mpya wa shughuli. Tendo likiisha na biashara ikaanza kuendeshwa kama nyingine zote, aliyelitenda anarudi kuwa mwenye biashara. Mtu mmoja anaweza kuwa mjasiriamali kwa miaka mitatu na mwenye biashara kwa miaka 30 iliyobaki, bila kuhama chumba. Kwa hiyo hakuna ngazi hapa, mmoja juu na mwingine chini. Kuna kazi mbili, na mara nyingi kila moja inamhitaji anayeifanya nyingine.

Maduka yaliyoibeba M-Pesa

Hakuna mahali ambapo jambo hili linaonekana vizuri kuliko kwenye historia ya M-Pesa, huduma ya kutuma na kupokea fedha kwa simu. Wazo lilianzia kampuni ya simu ya Vodafone, Uingereza, kwa Nick Hughes, aliyeomba fedha kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza uliotoa ruzuku kwa majaribio ya huduma za kifedha, kampuni nayo ikachangia upande wake. Mwenzake wa Vodafone, Susie Lonie, alitumwa Nairobi kulisimamia jaribio. Oktoba 2005 kazi ilianza na wateja wasiozidi 500 hivi wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Maduka yaliyoshiriki yalikuwa manane tu.

Lengo la mwanzo lilikuwa jembamba. Wateja wa Faulu walikopa katika vikundi, wakakutana kila wiki na kudhaminiana. Simu ingewaondolea usumbufu wa kubeba fedha za marejesho. Jaribio likaonyesha kitu kingine. Watu walianza kutumiana fedha wao kwa wao. Mfanyabiashara aliweka fedha kwa wakala, yaani mwenye duka aliyeshiriki, kabla ya safari akazitoa alikofika, ili asizibebe njiani. Mmoja alimlipia mwenzake mkopo. Wakati huohuo, kulinganisha hesabu za simu na vitabu vya taasisi ya mikopo kukawa kazi ngumu isiyokwisha. Walioanzisha mradi wakaliacha wazo lao la kwanza na kufuata walichokiona: Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kabla mwaka haujaisha, waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni moja.

Sehemu hiyo ya habari husimuliwa mara nyingi. Isiyosimuliwa sana ni ya mwenye duka. Mfumo wa simu peke yake haukuweza kugeuza noti kuwa salio wala salio kuwa noti. Kazi hiyo ilihitaji mtu anayefungua mlango kila asubuhi, mwenye droo ya fedha, anayejulikana mtaani, ambaye bibi wa miaka 70 atamkabidhi noti zake bila kutetemeka. Mtu huyo alikuwepo tayari. Alikuwa anauza vocha, sukari, dawa za kuulia wadudu au simu.

Kazi yake inafaa kutazamwa kwa karibu. Wakala ameanza asubuhi na shilingi 500,000 za Tanzania: 300,000 ziko kwenye simu kama floti, 200,000 ziko kwenye droo. Mteja wa kwanza anaweka 50,000. Droo inapanda hadi 250,000, floti inashuka hadi 250,000. Wanafika wawili wanaotaka kutoa, kila mmoja 120,000. Droo inabaki na 10,000, floti inafika 490,000. Mteja wa nne anataka kutoa 30,000. Anaambiwa asubiri, au ajaribu kibanda cha pili. Wakala hajapoteza hata shilingi, na kamisheni yake imeingia. Ila kwa mteja wa nne huduma imekatika, na kama jambo hilo litatokea mara tatu ataacha kuiamini huduma yenyewe, wala si wakala peke yake.

Vijijini wanaotoa ni wengi kuliko wanaoweka, kwa sababu fedha zinatoka mjini kwenda nyumbani. Kwa hiyo noti huisha. Mjini floti ndiyo huisha. Wakala mzuri anaijua mizani ya mtaa wake kama anavyojua siku ya gulio: anatunza noti ndogondogo, anaweka akiba mwisho wa mwezi, ana jirani wa kubadilishana naye fedha benki ikiwa mbali. Ujuzi huo haukuandikwa kwenye programu yoyote ya simu. Ni ujuzi wa mwenye duka, na M-Pesa iliukuta uko tayari.

Sasa liulizwe swali la mhadhara huu: hasara ilikuwa ya nani? Hasara isiyo na bei, yaani uwezekano kwamba Wakenya wangeukataa mpango wote, ilibebwa na ruzuku ya Uingereza pamoja na kampuni. Fedha za wateja ziliwekwa benki katika akaunti ya amana, mbali na mali ya kampuni. Mwenye duka alitoa mtaji wa floti, lakini floti hiyo ilibaki mali yake, na aliweza kuigeuza kuwa noti tena siku akiamua kuacha. Kwa maneno mengine, aliombwa abebe hasara za aina anayoizoea. Ndiyo sababu maelfu walikubali.

Matokeo yake hayakuishia madukani. Watafiti Tavneet Suri na William Jack, katika utafiti uliochapishwa na jarida la Science mwaka 2016, walikadiria kwamba M-Pesa iliziinua kaya zipatazo 194,000 kutoka umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya za Kenya. Walipima athari kwa kuangalia jinsi mawakala walivyosogea karibu na makazi ya watu. Kipimo chenyewe kilikuwa ongezeko la wenye duka hao karibu na nyumba ya mtu.

Wazo lilelile, maduka tofauti

Kama wazo peke yake lingetosha, lingefaulu kila lilikopelekwa. Kampuni ya simu ya Vodacom ilizindua M-Pesa Tanzania Aprili 2008. Miezi 14 baadaye ilikuwa na watumiaji wapatao 280,000 na mawakala wasiofika 1,000. Kenya, katika muda uleule tangu uzinduzi wake, ilikuwa na watumiaji milioni 2.7 na mawakala karibu 3,000. Teknolojia ilikuwa ileile. Tanzania ni kubwa zaidi, watu wake wametawanyika zaidi, na mtandao wa mawakala ulichukua muda kujengwa. Mawakala walipoongezeka huduma iliota mizizi, na leo kibanda kimoja cha Mwanza au Mbeya hubandika mabango ya mitandao mitatu au minne kwa pamoja.

Afrika Kusini mambo yalikwenda kombo kabisa. M-Pesa ilizinduliwa huko mwaka 2010 kwa ushirikiano na benki ya Nedbank, kwa matumaini ya kupata wateja milioni 10. Ilizinduliwa upya mwaka 2014. Juni 2016 ilifungwa, ikiwa na watumiaji hai wapatao 76,000. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: sheria za benki zilikuwa kali, na wananchi wengi tayari walikuwa na akaunti na kadi. Lakini mwanzoni huduma ilitegemea zaidi matawi ya benki na maduka machache ya kampuni yenyewe. Ule mtandao mpana wa maduka ya mtaani, ambao Kenya uliifanya simu kuwa benki, haukujengwa ipasavyo. Mjasiriamali alifika bila mwenye duka.

Watu wawili ndani ya nyumba moja

Ushirikiano huu hauhitaji kila mara kampuni kubwa upande mmoja na vibanda upande mwingine. Huweza kutokea ndani ya taasisi moja, na benki ya Equity ya Kenya ni mfano wa kufaa. Peter Munga na wenzake waliianzisha mwaka 1984 huko Kangema, Murang'a, kama chama cha kutoa mikopo ya nyumba kwa watu wa kipato kidogo. Mpango ulikuwa na kasoro ya msingi: amana za muda mfupi zilikopeshwa kwa muda mrefu. Mwaka 1993 Benki Kuu ya Kenya iliikuta imefilisika kihesabu; zaidi ya nusu ya mikopo yake haikuwa inalipwa.

James Mwangi aliingia wakati huo, akitoka benki nyingine. Hakuwa mwanzilishi, na hakuikuta nyumba tupu. Alikuta matawi machache, wafanyakazi, na wateja wa vijijini ambao pamoja na yote bado walikuwa wakiweka akiba zao hapo. Mabadiliko yaliyofuata yaliiondoa Equity kwenye mikopo ya nyumba na kuipeleka kwenye mikopo midogo ya muda mfupi kwa wachuuzi, wakulima wa chai na watu wa mishahara midogo. Magari yaliyotengenezwa kuwa matawi yalikwenda vijijini kwa siku maalumu. Masharti ya kufungua akaunti yalilegezwa. Mwishoni mwa 2004 Equity ilipata leseni ya benki kamili, na mwaka 2006 hisa zake ziliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2012 Mwangi alitunukiwa huko Monaco tuzo ya dunia ya mjasiriamali wa mwaka ya Ernst & Young.

Tuzo ilikwenda kwa mleta mabadiliko, na aliistahili. Pamoja na hayo, kisa hiki hakisomeki vizuri bila waliokuwa na nyumba kabla yake. Munga na wenzake walikuwa na kitu ambacho hakuna mpango mpya ungeweza kukinunua: imani ya watu wa Murang'a. Waliufungua mlango kwa mtu aliyetaka kubadili karibu kila kitu ndani, wakakubali kwamba wazo lao la kwanza halikufaa tena. Wenye biashara wengi hushindwa hapo. Huona badiliko kama tusi kwa miaka waliyotumika, nao humfukuza kijana mwenye wazo, au humwachia aondoke akafungue duka la pili ng'ambo ya barabara.

Mafundi wa Shauri Moyo

Mfano mwingine ni wa jiko la mkaa. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati mbadala mjini Nairobi. Katika kipindi hicho wataalamu walikuwa wakilichunguza jiko la ndoo la Thailand, wakijiuliza kama lingewafaa Wakenya wanaopikia mkaa kwenye jiko la bati. Max Kinyanjui na wengine walilifanyia kazi, kwa msaada wa shirika la KENGO. Mifano ya mwanzo ilikuwa na matatizo; udongo wa ndani ulipasuka. Umbo likabadilishwa mpaka likafikia lile linalojulikana leo kila soko la Afrika Mashariki: kiuno chembamba, kitako kipana kisichopinduka ugali unaposongwa, na udongo wa kuchoma kwenye sehemu ya juu tu, ulioshikizwa kwenye bati. Jiko hilo hupunguza mkaa kwa kati ya theluthi na nusu.

Kazi ya kulieneza ilifanywa na mafundi wa karakana za wazi, waitwao jua kali, wa Shauri Moyo jijini Nairobi na kwingineko. Hawa walikuwa wenye biashara kamili. Walikuwa na nyundo, mabati ya mapipa ya zamani, wateja na nafasi sokoni. Hawakuwa na fedha za kufanya majaribio ya miaka miwili juu ya udongo unaopasuka, na haikuwa haki kuwaomba. Majaribio yalipogharamiwa na wengine, wao walichukua umbo lililothibitishwa na kulifanya kuwa rahisi. Mwanzoni jiko liliuzwa kwa takriban dola 15. Kadiri mafundi walivyozidi na ushindani ulivyokua, bei ilishuka chini ya dola 5. Mtaalamu wa nishati anaweza kusanifu jiko. Kulishusha bei kiasi hicho ni kazi ya mafundi mia wanaogombea mteja mmoja.

Jiko hili lilienea kwa sababu kila fundi aliruhusiwa kuliiga. Walaji walinufaika, mafundi walinufaika, na misitu ilipata nafuu kidogo. Uigaji ukawa sifa ya mpango badala ya wizi, kwa kuwa gharama za kubuni zilikuwa zimeshalipwa kwa njia nyingine. Panapokuwa hakuna aliyelipa, mbunifu anayeigwa kesho yake ana haki ya kulalamika.

Mali kauli Kariakoo

Kariakoo, Dar es Salaam, ushirikiano huu una jina lake la kila siku. Kijana asiye na mtaji huchukua bidhaa dukani kwa mali kauli: anapewa mzigo kwa neno lake, akauze, alete fedha jioni au mwisho wa wiki. Mwingine ni winga, anayesimama kati ya duka na mnunuzi, akijua duka gani lina nini na kwa bei gani, na kuongeza chake juu. Katika miaka ya karibuni ameingia wa tatu: hana duka wala mzigo, ana simu. Anapiga picha za viatu na mapazia kwenye maduka ya watu, anaziweka Instagram, anapokea oda kutoka Songea na Bukoba, analipwa kwa simu, ananunua dukani na kupakia mzigo kwenye basi la usiku.

Ukitazama nani anabeba nini, mpangilio unajieleza wenyewe. Mwenye duka amelipa pango, ameagiza kontena, ana mashine ya risiti na anadaiwa kodi. Hasara zake anazijua. Hajui namna ya kumfikia mteja wa Songea, na pengine hana muda wa kujifunza. Mwenye simu anaijua njia hiyo, ila hajui kama picha ya leo italeta oda tatu au isilete hata moja. Hasara yake ni muda, bando na jina lake. Mzigo ukifika umeharibika, ni yeye atakayetukanwa hadharani. Kila mmoja amebeba asichoweza mwenzake.

Utegemeano huo hauishii kwa watu wawili. Kariakoo huuzia wafanyabiashara wa Zambia, Malawi, Komoro na Kongo. Mei 2023 wenye maduka walipofunga kwa mgomo kupinga namna kodi zilivyokuwa zikikusanywa, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kukutana nao, mgogoro ulijadiliwa kama wa wenye maduka na serikali. Lakini duka likifungwa winga hana cha kuonyesha, mwenye simu hana cha kupakia, na kuli hana cha kubeba. Mazungumzo ya kodi ya Kariakoo yanayowaacha nje watu hao yanagusa nusu ya soko.

Mali kauli ina udhaifu wake. Imejengwa juu ya neno, na neno halisemi nini kitatokea mgambo wakichukua mzigo, au mvua ikilowesha nguo. Mara nyingi kijana hubebeshwa deni lote. Hapo mwenye duka amemhamishia mwenzake hasara ambayo yeye, kwa ukubwa wa biashara yake, angeweza kuimeza bila kuyumba.

Pale mgawo unapopinda

Mwelekeo huohuo umejitokeza kwa mawakala wa fedha za simu. Siku za mwanzo kampuni ilibeba lisilojulikana na duka likabeba linalojulikana. Huduma ilipokomaa, lisilojulikana liliisha upande wa kampuni, huku hatari za wakala zikiongezeka: ujambazi jioni anapofunga, noti bandia, matapeli wanaojifanya wafanyakazi wa mtandao, ushindani wa vibanda sita kwenye kona moja. Kamisheni hupangwa na kampuni. Wakala hukubali au hufunga.

Kenya kwa miaka mingi wakala wa M-Pesa hakuruhusiwa kuuza huduma ya mtandao mwingine. Julai 2014 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ililiondoa sharti hilo, baada ya malalamiko ya kampuni ya Airtel. Uamuzi huo ulizungumzwa kama pambano la makampuni mawili. Kwa mwenye kibanda ulikuwa na maana nyingine: duka ni lake, wateja ni wake, floti ni yake, sasa na uchaguzi ukawa wake.

Tanzania ilipata somo lake Julai 2021, serikali ilipoanza kutoza tozo ya miamala ya simu. Watu walipunguza kutuma na kutoa, na wengi walirudi kubeba noti. Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Kila muamala usiofanyika ni kamisheni isiyoingia kwa wakala, ambaye hakuwa ameulizwa na ambaye hakuwa na njia ya kuihamisha hasara hiyo kwa mtu mwingine yeyote.

Yanayoweza kufanywa

Jambo la kwanza ni fedha. Kwa sheria ya Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huu ni mzuri na unastahili kulindwa. Kasoro yake ni kwamba kimsingi hutolewa kwa vikundi, na unachukulia kwamba kila mwombaji ataanza kurejesha baada ya muda mfupi. Kwa kikundi cha akina mama wanaouza vitenge, utaratibu huo unafaa kabisa. Wanahitaji mtaji wa mzunguko, na wanajua mzigo unaisha kwa siku ngapi. Kwa kijana anayejaribu kutengeneza mashine ya kukausha dagaa kwa jua, unaumiza. Jaribio la kwanza likishindwa, kama majaribio mengi yanavyoshindwa, wenzake wa kikundi watalipa kwa kitu ambacho hakuna yeyote kati yao ambaye angeweza kukikadiria. Mkopo wa kudhaminiana ni chombo cha hasara yenye bei. Jaribio linahitaji ruzuku ndogo, au mtu anayenunua sehemu ya biashara na kukubali kupoteza pamoja.

Jambo la pili ni makubaliano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja. Mali kauli haihitaji kufutwa. Inahitaji mistari minne inayotaja nani anabeba mzigo ukiibiwa, ukikamatwa, ukiharibika na usipouzika. Vyama vya wafanyabiashara vina uwezo wa kutengeneza karatasi hiyo na kuiweka kila duka. Kwa mawakala, makampuni yanaweza kuingiza bima ya ujambazi ndani ya mkataba, gharama yake igawanywe kulingana na kamisheni ya kila upande.

La tatu ni mafunzo. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo Tanzania, limekuwepo tangu mwaka 1973, na lina karakana, mabanda na wataalamu mikoani. Hata hivyo, mafunzo mengi ya ujasiriamali humfundisha kijana kuandika mpango wa biashara akiwa peke yake na karatasi. Miezi mitatu nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi ingemfundisha bei, wateja, wadaiwa na misimu, na ingemwonyesha mwenye duka kile ambacho macho mapya yanakiona. Wenye maduka wanaokubali kupokea vijana hao wanapaswa kupewa nafuu ya kodi, kwa sababu wanatoa huduma ambayo serikali ingeilipia mahali pengine kwa gharama kubwa zaidi.

Halmashauri hazihitaji kusubiri sheria mpya kuanza. Fomu ya kuomba mkopo inaweza kuongezewa swali moja mwaka huu: je, shughuli hii imeshawahi kufanywa na kulipa katika wilaya hii? Anayejibu ndiyo apelekwe kwenye dirisha la mkopo wa kikundi. Anayejibu hapana apelekwe kwenye fungu dogo la majaribio, litengwe kwa kujua wazi kwamba sehemu yake haitarudi, na akutanishwe na mwenye biashara wa fani iliyo karibu ambaye yuko tayari kuuza, kutengeneza au kusambaza kitakachofaulu.